Dawa ya Nagana Iliyotenganisha DNA

Mwaka 1967 wanasayansi watatu wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Roger Radloff, William Bauer na Jerome Vinograd, walitangaza njia mpya ya kutenganisha aina moja ya DNA na nyingine. Vitendea kazi vyao vilikuwa chumvi nzito, mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa, na dawa ya ng'ombe. Dawa hiyo ni ethidiamu bromidi, ambayo wakati huo ilikuwa imeshatumika kwa miaka mingi katika mifugo ya Afrika dhidi ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Vitabu vya baiolojia humtaja Vinograd na wenzake, hueleza jinsi ethidiamu, ambayo pia ni rangi, inavyoshikana na DNA, kisha huishia hapo. Asili ya rangi yenyewe huachwa kando, au hutajwa kama sadfa. Mimi nasema haikuwa sadfa. Kwa zaidi ya nusu karne, sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta dawa ya nagana ilikuwa, bila watafutaji kujua, kazi ya kuchambua kemikali zinazoikamata DNA. Ndiyo maana wataalamu wa baiolojia ya molekuli walipohitaji kemikali za namna hiyo, walizikuta zimeshatengenezwa, zimeshapimwa, na zinauzwa.

Msingi wa njia hiyo uliwekwa miaka 10 kabla, na Vinograd mwenyewe alikuwemo. Mwaka 1957 yeye, Matthew Meselson na Franklin Stahl walionyesha kwamba myeyuko wa sesiamu kloridi ukizungushwa kwa kasi kwa saa nyingi, chumvi husogea kidogo kidogo kuelekea chini, hivyo myeyuko huwa mwepesi juu na mzito chini bila mpaka wa ghafla katikati. DNA iliyomo huzama au huelea mpaka ikute tabaka lenye msongamano sawa na wake, yaani uzito ule ule kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ikifika hapo hutulia na kujikusanya kuwa mkanda mwembamba. Mwaka uliofuata Meselson na Stahl waliitumia njia hiyo kuonyesha jinsi DNA inavyojinakili. Walikuza bakteria katika chakula chenye naitrojeni nzito, wakawahamishia kwenye naitrojeni ya kawaida, kisha wakaizungusha DNA yao mara 44,770 kwa dakika kwa takriban saa 20. Mikanda iliyojitokeza ilionyesha kwamba kila DNA inayozaliwa hubeba uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Tofauti yote waliyoitegemea, kati ya DNA nzito na nyepesi, ilikuwa gramu 0.014 tu kwa sentimita ya ujazo.

Mafanikio hayo yalionyesha pia mahali ambapo njia yenyewe inakwama. DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na jozi za G na C huifanya iwe nzito kidogo kuliko jozi za A na T. Mwaka 1962 Carl Schildkraut, Julius Marmur na Paul Doty walitoa kanuni ya uhusiano huo, na kwa kanuni hiyo, tofauti kati ya DNA isiyo na G wala C hata moja na DNA yenye G na C tupu haizidi gramu 0.098 kwa sentimita ya ujazo. Viumbe wote waliopo duniani wamebanana ndani ya nafasi hiyo ndogo. Wakati mwingine ilitosha: mwaka 1961 Saul Kit aliona kwamba DNA ya panya hutoa mkanda mkuu na mwingine mdogo pembeni yake, tofauti yao ikiwa takriban gramu 0.01. Lakini mara nyingi mikanda iliangukiana ikasomeka kama mmoja. Tena palikuwa na tatizo ambalo kanuni hiyo haikuweza kuligusa kabisa. Kati ya mwaka 1963 na 1965 Vinograd na wenzake waligundua kwamba DNA ya virusi vya polioma ni duara lililofungwa, ambalo limejisokota juu ya lenyewe. Duara zima na duara lililokatika uzi mmoja vina herufi zile zile, kwa hiyo vina msongamano ule ule. Chumvi peke yake haikuwa na namna ya kuvitofautisha.

Ili kuona jibu lilikotoka, inabidi kurudi kwenye mbuga za mbung'o. Mdudu huyo ameenea katika takriban kilomita za mraba milioni 10 za Afrika, na vimelea anavyobeba, tripanosoma, huwapa ng'ombe homa, upungufu wa damu na kukonda mpaka kufa. David Bruce alivitambua vimelea hivyo katika mifugo ya Zululand mwaka 1895. Muda mfupi baadaye Paul Ehrlich, huko Frankfurt, alianza kuzijaribu rangi za viwandani dhidi yavyo, kwa hoja kwamba rangi inayoshikana na kimelea bila kushikana na mnyama inaweza kumuua kimelea peke yake. Mwaka 1904 yeye na Kiyoshi Shiga walitangaza rangi nyekundu iliyoponya panya walioambukizwa. Carl Browning, aliyewahi kufanya kazi na Ehrlich, aliiendeleza hoja hiyo huko Glasgow, na mwaka 1938 yeye na wakemia waliofanya kazi Teddington, karibu na London, wakatangaza nguvu ya jamii mpya ya kemikali inayoitwa fenanthridini. Mojawapo, dimidiamu bromidi, ilijaribiwa kwa ng'ombe wa Uganda katika miaka ya 1940. Iliponya, lakini wiki kadhaa baada ya sindano baadhi ya ng'ombe waliharibika ini, na ngozi zao zikaungua kwa jua. Mwaka 1952 T. I. Watkins na G. Woolfe wa kampuni ya Boots, Nottingham, walibadilisha tawi moja dogo la molekuli hiyo, wakaongeza atomu moja ya kaboni na mbili za haidrojeni. Dawa iliyopatikana ndiyo ethidiamu, au homidiamu kama inavyoitwa na madaktari wa mifugo. Ilikuwa kali zaidi kwa kimelea na salama zaidi kwa mnyama, ikaenea.

Dawa iliyofanya kazi bila mtu kujua inafanyaje ilikuwa swali lililohitaji jibu. B. A. Newton wa Cambridge alilishughulikia kuanzia miaka ya 1950. Alitumia kiumbe wa jamii moja na tripanosoma anayekuzwa kwa urahisi maabara, na mwaka 1957 akaeleza kwamba ethidiamu huzuia seli kugawanyika kwa kuvuruga utengenezaji wa DNA. Swali likahama kutoka kwa kimelea kwenda kwenye molekuli. Leonard Lerman alikuwa ameonyesha mwaka 1961 kwamba rangi za akridini, ambazo ni bapa, hujipenyeza kati ya jozi za herufi za DNA. Watson Fuller na Michael Waring wakachora mwaka 1964 mfano wa jinsi ethidiamu inavyofanya vivyo hivyo, na mwaka 1965 Waring akachapisha vipimo vya kina: ni rangi kiasi gani inaingia katika DNA kiasi gani, na kwa nguvu gani. Vipimo hivyo vilizaliwa na haja ya kuelewa dawa ya mifugo, lakini yeyote aliyetaka kujua umbo la DNA angeweza kuvitumia. Vinograd aliviona akavitumia.

Hoja yake ni rahisi kuifuata kwa kamba ya katani yenye nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ukipenyeza vijiti kati ya nyuzi, kila kijiti huilegeza kamba mahali hapo. Kamba yenye ncha huru hujizungusha na kutoa nafasi, hivyo hupokea vijiti vingi. Ukiiunga ncha kwa ncha ikawa duara, haina pa kujizungushia. Kila kijiti kinachoongezwa huilazimisha kujikunja kinyume, mpaka inafika mahali inakataa kingine. Ethidiamu katika DNA hufanya hivyo. Rangi hiyo hupunguza msongamano wa DNA inayoipokea. DNA yenye ncha, au duara lililokatika uzi mmoja, hubeba rangi nyingi na kuelea juu zaidi. Duara lililofungwa hubeba rangi kidogo na kubaki chini. Pengo linalopatikana ni takriban gramu 0.04 kwa sentimita ya ujazo, karibu mara tatu ya lile la Meselson na Stahl, nalo limepatikana kwa vitu ambavyo kiasili havina pengo lolote. Umbo, ambalo halina uzito, lilikuwa limegeuzwa kuwa uzito.

Kwa macho, kazi hiyo ni ya kupendeza na ya subira. Mrija wa plastiki unaoangaza hutolewa kwenye mashine baada ya kuzungushwa usiku kucha na pengine zaidi, na myeyuko ndani yake ni mwekundu kwa rangi. Ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno gizani, mikanda miwili ya rangi ya machungwa inang'aa katikati, mmoja juu ya mwingine. RNA imeshuka mpaka sakafuni, na protini zimepanda juu. Mtafiti hutoboa ubavu wa mrija kwa sindano chini kidogo ya mkanda wa pili na kuuvuta taratibu ndani ya bomba, akiwa mwangalifu asiugutue wa juu. Kisha huiosha rangi kwa pombe ya butanoli, mara kadhaa, mpaka myeyuko ubaki mweupe. Alichonacho mwishoni ni maduara ya DNA yaliyo mazima, karibu bila kitu kingine.

Katika makala yao ya 1967 Radloff na wenzake waliyapata maduara hayo ndani ya seli za HeLa, zilizotokana na uvimbe wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951. Kutoka hapo njia ilienea upesi. Mwaka 1969 Don Clewell na Donald Helinski waliitumia kwa plasmidi, yaani maduara madogo ya DNA ambayo bakteria hubeba nje ya kromosomu yao. Mwaka 1973 Stanley Cohen, Annie Chang, Herbert Boyer na Robert Helling walipounganisha DNA za vyanzo tofauti ndani ya plasmidi na kuziingiza katika bakteria, walikuwa wakifanya kazi na vitu ambavyo kizazi cha watafiti kilijifunza kuvisafisha kwa chumvi na ethidiamu. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, imetokana na kazi ya namna hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba mfano mmoja hauthibitishi kitu. Maabara zina kemikali nyingi, na moja ikitokea kwenye zizi la ng'ombe, hilo ni bahati tu. Pingamizi hili lina nguvu, na lingeshinda kama ethidiamu ingekuwa peke yake. Lakini haiko peke yake. Mwaka 1971, katika maabara ya Otto Dann huko Erlangen, Ujerumani, ilitengenezwa kemikali inayoitwa kwa kifupi DAPI, katika kutafuta dawa dhidi ya tripanosoma. Ni ndugu wa diminazini, dawa ambayo wafugaji wetu wanaijua kwa jina la Berenil na ambayo ilianza kuuzwa miaka ya 1950. DAPI haikuwa dawa ya maana, lakini hujilaza kwenye mfereji mwembamba wa DNA mahali penye A na T nyingi, na ikishika hapo hung'aa buluu. Mwaka 1975 Don Williamson na David Fennell, katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, Mill Hill, London, walieleza jinsi ya kuichanganya na sesiamu kloridi ili kutenganisha DNA mbili za hamira. Katika hamira, DNA ya mitokondria, yaani sehemu ya seli inayozalisha nishati, ina A na T zaidi ya asilimia 80, na ile ya kiini asilimia 62 hivi, lakini kwa chumvi tupu pengo lao ni gramu 0.015 tu. DAPI ilijazana kwenye DNA ya mitokondria, ikaipunguzia msongamano na kuisukuma juu, na mikanda iliyokuwa ikigusana ikaachana waziwazi. Ethidiamu ilitenganisha maumbo. DAPI ilitenganisha maandishi. Zote mbili zilitoka katika utafutaji mmoja.

Kwa nini utafutaji huo uzae kemikali za aina hii mara mbili? Jibu limo ndani ya kimelea. Tripanosoma ana mitokondria moja, na ndani yake kuna rundo la DNA liitwalo kinetoplasti, lenye maelfu ya maduara madogo na makumi ya makubwa, yote yameshikamana. Kila kimelea kinapogawanyika, maduara madogo hayana budi kufunguliwa moja moja, kunakiliwa na kuunganishwa tena. Ni mtambo mgumu usio na mfano katika seli za ng'ombe, na kemikali inayoingia katika DNA huuvuruga kwa urahisi. Mwaka 2010 kundi la Paul Englund wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilionyesha kwamba ethidiamu humuua tripanosoma wa Afrika hasa kwa kuyapotosha maduara madogo yasiweze kuanza kunakiliwa. Hiyo ni kani ile ile ambayo Vinograd aliitumia ndani ya mrija wa plastiki. Aliyepima dawa kwa kuangalia kama kimelea kimekufa alikuwa anapima pia, bila kukusudia, kama kemikali yake inaishika DNA na kuisokotoa. Nakiri kwamba si dawa zote za tripanosoma ziko hivyo. Suramini na dawa za aseniki huua kwa njia nyingine. Lakini nasisitiza kwamba katika jamii za fenanthridini na diamidini, yaani jamii ya DAPI na diminazini, zizi na maabara vilikuwa vinauliza swali moja kwa lugha mbili.

Pingamizi la pili ni kwamba yote haya yamepitwa na wakati. Leo plasmidi husafishwa kwa vichujio vidogo katika muda usiozidi saa moja, na mashine husoma herufi za DNA bila kuhitaji mkanda wowote. Ni kweli. Lakini chombo kikistaafu hakiondoki na kilichogunduliwa kwa kukitumia, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni malaria. Mwaka 1975 Araxie Kilejian, akiwa New York, alieleza DNA ya duara katika kimelea cha malaria ya ndege, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya mitokondria. Watafiti wa Mill Hill, akiwemo Iain Wilson na yule yule Williamson wa DAPI, waliifuatilia katika vimelea vingine vya malaria. Kwa kuwa jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria ya binadamu, ina A na T karibu asilimia 81, rangi zinazopenda herufi hizo, pamoja na sesiamu kloridi, zilikuwa nyenzo ya kawaida ya kuisafisha DNA yake na kuitenga na ya binadamu. Duara hilo lilipochambuliwa, jeni zake zilifanana na za kloroplasti, kiungo cha mimea cha kunasa mwanga. Ramani yake kamili ya herufi takriban 35,000 ilitolewa mwaka 1996. Kimelea kinachoishi gizani ndani ya damu kilikuwa kimebeba masalio ya mwani. Masalio hayo ndiyo yanayolengwa na doksisaiklini na klindamaisini, na klindamaisini pamoja na kwinini ilikuwa kwa miaka mingi tiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa wajawazito wenye malaria katika miezi mitatu ya mwanzo.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: kwamba kuisimulia historia hii kwa namna hii ni kuipa Afrika sifa isiyostahili, kwa kuwa kemikali zilitengenezwa Ulaya na mirija ikazungushwa California na London. Sidai kwamba mfugaji wa Uganda aligundua njia ya kutenganisha DNA. Ninachodai ni kidogo zaidi, na naona hakikanushiki. Hitaji lilitoka huku. Dosari ya dimidiamu ilionekana kwenye ini na ngozi za ng'ombe wa huku, na hasara hiyo ndiyo iliyowarudisha wakemia mezani mpaka ethidiamu ikapatikana. Wenye ng'ombe hao hawamo katika orodha yoyote ya waandishi, na vimelea vilivyojenga usugu dhidi ya homidiamu vimebaki katika mazizi yao, si katika maabara zilizonufaika. Historia inayoanzia California mwaka 1967 inaacha nje sehemu ya gharama, na kwa hiyo inakosea hesabu ya faida.

Kosa hilo lina matokeo hata leo, kwa sababu bajeti hupangwa kwa kufuata historia tunazosimuliana. Utafiti wa magonjwa ya mifugo huwekwa fungu la mahitaji ya vijijini, na baiolojia ya molekuli fungu la sayansi ya hali ya juu, kana kwamba la kwanza hupokea tu kutoka kwa la pili. Ushahidi wa ethidiamu na DAPI unaonyesha mkondo ukienda upande wa pili: swali la kwa nini dawa fulani humuua mdudu fulani wa ng'ombe lilifuatwa mpaka mwisho wake, na mwisho huo ukawa chombo cha sayansi nzima. Vituo vilivyofanya utafiti wa mbung'o na nagana huko Tanga, Muguga na Tororo vilikuwa karibu na swali hilo kuliko Cambridge. Vilichokosa ni mamlaka na vifaa vya kulifuata kupita sindano. Anayetaka Afrika Mashariki itoe vyombo vya sayansi, badala ya kuvinunua tu, aanze kwa kuvipa vituo vya namna hiyo fedha za kuuliza dawa inafanyaje kazi, hata pale inapokuwa tayari inaponya.